Boksi la rangi za kucha kila mwezi: kisa cha mteja wa Chake Chake

Tangazo ni hili. Kila mwanzo wa mwezi linakuja boksi lenye chupa tatu za rangi ya kucha, mililita 10 kila moja, kichupa cha mafuta ya kucha, tupa moja na karatasi ya vibandiko. Bei ni shilingi 40,000, na mpaka Pemba zinaongezwa 8,000 za usafiri. Anayejiunga anajifunga miezi sita, na baada ya hapo usajili unaendelea wenyewe mpaka aandike kwamba anajitoa. Rangi anachagua muuzaji. Chini ya tangazo kuna maneno yaliyokolezwa wino: thamani ya kila boksi ni shilingi 75,000.

Anayelipima ni mwalimu wa skuli Chake Chake. Anasali sala tano, anapika nyumbani kwao, na ndani ya miezi hiyo sita ana harusi mbili za jamaa, Ramadhani moja na Sikukuu yake. Si mtu mmoja tunayemjua. Tumemuunda kwa hali wanazoziishi wanawake wengi wa Unguja na Pemba, na bei tulizoweka ni za mfano. Mwenye bei zake aziweke mahali pa hizi. Mwendo wa hesabu haubadiliki.

Maoni yetu tunayatanguliza: akiwa peke yake, asijiunge. Wengi hulipima boksi kwa kugawa bei kwa idadi ya chupa, wakaona 40,000 kwa chupa tatu ni kama 13,300 kwa chupa, si mbaya. Kipimo hicho kinampendelea muuzaji. Kipimo cha mteja ni siku ambazo kucha zake zitabeba rangi, na mililita zitakazotoka chupani kabla hazijaganda.

Siku za kupaka

Rangi ya kucha ya kawaida ni utando. Ndani ya chupa mna nitroselulosi iliyoyeyushwa kwenye ethili asetati na butili asetati, pamoja na utomvu wa kuishikisha ukuchani, kilainisho cha kuizuia isipasuke, na chembe za rangi yenyewe. Viyeyusho vikisharuka hewani kinachobaki ni ngozi nyembamba, ngumu, na maji ya udhu hayapiti. Ndiyo maana mwanamke anayesali ana nafasi mbili tu za kukaa na rangi.

Ya kwanza ni siku za hedhi. Katika madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo ya Waislamu wengi wa visiwani, uchache wa hedhi ni mchana mmoja na usiku wake, kawaida yake ni siku sita au saba, na ukomo ni siku kumi na tano. Tumhesabie saba. Siku ya kukoga josho rangi iwe imekwisha kutoka yote, mpaka kwenye pembe za ukucha na chini ya ncha, kwa sababu hapo ndipo mabaki hujificha, hasa ya rangi za kumetameta.

Nafasi ya pili ni ya usiku mmoja. Anatia udhu, anasali Isha, halafu ndipo anapaka rangi na kwenda harusini. Udhu alioutia kabla ya rangi uko pale pale mpaka utenguke kwa sababu nyingine. Kupaka rangi hakuutengui. Alfajiri rangi inatoka. Kwa usiku wa namna hii hakuna haja ya asetoni: kuna besi koti (koti la chini, linalotangulia rangi) ya kubandua, ya maji, inayokauka kama gundi nyeupe. Ikipakwa kwanza, ikaachwa ikauke vizuri mpaka iwe angavu, utando wote hubanduka kwa kijiti cha mchungwa na maji ya vuguvugu. Ubaya wake ni kwamba haivumilii kuosha vyombo. Kwa harusi inatosha.

Kuna rangi zinazouzwa kwa jina la inayopumua, au ya halali. Iliyojulikana sana ni O2M ya Inglot, kampuni ya Poland. Utando wa rangi za aina hii hupitisha hewa na mvuke wa maji kuliko utando wa kawaida, na hilo ni jambo la kweli la kifundi. Lakini mvuke kupenya polepole si sawa na maji kufika ukuchani wakati wa kutawadha. Lile jaribio la kupaka rangi kwenye karatasi ya kuchujia kahawa na kusugua tone la maji juu yake halimalizi suala: karatasi ina matundu, kidole kinasukuma, na koti ni moja wakati ukuchani yanakaa matatu, manne. Wanazuoni wamehitilafiana. Anayetaka kuitegemea rangi hiyo kwa sala amuulize sheikhe wake kwanza, anunue baadaye. Akiwa na shaka, hina haina ugomvi huu, kwani inaingia ndani ya ukucha na haiachi utando juu yake.

Sasa tuhesabu. Siku saba kwa miezi sita ni siku 42. Mikono inayokuna nazi, inayoosha vyombo na kufua, rangi huanza kumeguka nchani siku ya nne au ya tano, kwa hiyo katika siku saba anapaka mara moja na kurudia mara moja. Mara 12. Kila harusi tumpe usiku mbili, mara 4. Sikukuu mara 1. Jumla mara 17, na hapo tumekuwa wakarimu, maana hatukupunguza chochote kwa Ramadhani, ambapo wengi hawajipambi hata kama hawasali siku hizo. Hatukugusa pia msimu wa karafuu. Nyumba inayochambua karafuu na makonyo jioni kwa jioni, rangi ya ncha za vidole haimalizi siku mbili. Na Mungu apishie mbali, ukitokea msiba wa mume, eda ni miezi minne na siku kumi bila ya pambo, na usajili hauna habari.

Mililita

Makoti mawili kwa kucha kumi za mikono hula kama mililita 0.6, kucha zikiwa za urefu wa kati. Za miguu, kwa sababu kidole gumba ndicho kikubwa na vilivyobaki ni vidogo, kama 0.4. Tuseme mililita moja kwa kupaka mikono na miguu. Asiyetuamini aipime: aiweke chupa kwenye mizani ya sonara, apake, aiweke tena. Gramu moja ya rangi ya kucha iko karibu sana na mililita moja, kwa hiyo tofauti ya mizani ndiyo jibu.

Mara 17 ni mililita 17. Boksi sita zina chupa 18, yaani mililita 180. Atakuwa ametumia chini ya sehemu moja ya kumi ya alicholipia.

Mtu anaweza kusema hesabu hii imebanwa na sala. Basi tumchukue mwanamke asiyesali, au mgeni aliyekuja kukaa Unguja, ambaye kucha zake hazikai siku hata moja bila rangi. Akipaka upya kila siku tano, kwa miezi sita ni mara 36, mililita 36. Bado chupa nne kwa tano za boksi zinabaki. Boksi la kila mwezi limepimwa kwa hamu ya kuona rangi mpya, na kucha ni zile zile ishirini.

Upande wa fedha: miezi sita ni shilingi 288,000. Zigawe kwa mara 17, kila kupaka kunamgharimu karibu 17,000, na hapo besi koti na topu koti, ile ya juu ya kumalizia, hazimo, kwa sababu tangazo halikuzitaja. Njia ya pili ni kununua mwenyewe: chupa tatu za mililita 15 kwa 12,000 kila moja ni 36,000, besi koti 12,000, topu koti 12,000, kichupa cha thina, ya kulainishia rangi iliyokuwa nzito, 8,000. Jumla 68,000, sawa na 4,000 kwa kila kupaka, na chupa zote bado zina rangi miezi sita ikiisha. Ile thamani ya 75,000 imepatikana kwa muuzaji kujumlisha bei alizoziandika mwenyewe, pamoja na vibandiko. Ipimwe kwa bei ya bidhaa hizo hizo kwenye maduka ya Chake, au ya Darajani na Mlandege kwa wa Unguja. Kama bidhaa haipatikani popote pengine, bei yake ya kawaida haijulikani, na isihesabiwe kuwa ni nafuu.

Chupa nusu kwenye joto la Pemba

Ukiambiwa chupa zilizobaki zitakufaa mwakani, usikubali haraka. Chupa iliyofunguliwa huanza kupoteza viyeyusho vyake kila inapofunguliwa, na chupa nusu hupoteza zaidi ya chupa iliyojaa, kwa sababu nafasi tupu ya juu hujaa mvuke ambao hutoka wote kila kifuniko kinapoondoka. Joto linaharakisha. Chupa 18 zilizoguswa kidogo kidogo zitaharibika mapema kuliko chupa tatu zinazotumika sana. Kwenye lebo kuna mchoro wa kopo lililo wazi na namba kama 12M au 24M: ndiyo miezi inayohesabiwa tangu kufunguliwa.

Kuzitunza si kazi kubwa. Zisimame wima ndani ya droo ya chumba kisichopigwa na jua, mbali na dirisha, maana mwanga huchujua rangi kali na za waridi. Kabla ya kufunga, mdomo wa chupa ufutwe kwa kitambaa chenye asetoni. Kitambaa, si pamba, kwani pamba huacha nyuzi kwenye uzi wa kukazia kifuniko, kifuniko hakikazi, na rangi huganda kwa kosa dogo kama hilo. Rangi ikiwa nzito, itiwe thina ya rangi ya kucha matone mawili au matatu, chupa izungushwe kati ya viganja, isubiriwe dakika chache, ndipo ijaribiwe. Asetoni isitiwe ndani ya chupa kabisa. Inaruka haraka mno, inavuruga uwiano wa viyeyusho, na dawa nyingi za kutolea rangi zina maji na mafuta ndani yake. Rangi italainika leo, na kesho itakuwa utelezi usioshika.

Unyevu nao una madhara yake. Viyeyusho vinaporuka haraka hupoza uso wa rangi, na siku za masika, hewa ikiwa imejaa maji, unyevu hutua juu ya utando ulio mbichi na kuufanya uwe na ukungu mweupe, usiong'aa. Dawa ni koti jembamba zaidi na kusubiri zaidi. Watu wengi hukimbilia kuweka mikono chini ya feni, na feni huongeza tatizo: hukausha uso wa juu kwanza, viyeyusho vilivyobaki chini vinatafuta njia, na hapo ndipo vinatoka vile vipovu vidogo. Kuitikisa chupa kama dawa ya maji kunaleta vipovu vile vile.

Halafu moto. Ethili asetati hutoa mvuke unaoweza kuwaka hata kwenye baridi ya nyuzi −4 za Selsiasi, butili asetati kwenye nyuzi 22, na asetoni chini kabisa ya sifuri. Kwa hali ya hewa yetu maana yake ni kwamba chupa iliyo wazi inatoa mvuke wa kuwaka saa zote. Chumba cha bibi harusi huwa na chetezo cha udi, na umeme ukikatika huja mshumaa. Kucha zipakwe kwanza, dirisha likiwa wazi, chupa zifungwe, na ndipo chetezo kiingie. Hili tunalisisitiza kuliko yote yaliyomo humu.

Kinachoweza kuwamo ndani ya boksi

Boksi la rangi ya kawaida ni jambo moja, la jeli ni jambo jingine, na baadhi ya wauzaji hubadilisha katikati ya usajili: mwezi wa tatu inaletwa jeli pamoja na kijitaa cha kuchomeka kwenye chaja ya simu. Kwa mwalimu wetu jeli haifai kwa sababu nyepesi kabisa, inakaa wiki mbili mpaka tatu na kuitoa kunataka kulowesha asetoni dakika 10 mpaka 15. Lakini hata asiyesali ajihadhari. Jeli huganda kwa mwanga wa nguvu na mawimbi maalumu, taa nyingi za LED zikiwa kati ya nanomita 365 na 405, na kijitaa dhaifu kinaweza kuigandisha juu tu. Sehemu iliyobaki mbichi ikigusa ngozi ya shina la ukucha ndiyo inayoleta mzio: vidole huwasha, huvimba, ngozi huchubuka. Kemikali inayolaumiwa zaidi ni HEMA, na mzio huo haupoi; aliyeupata anaweza kupata shida hata kwa baadhi ya vifaa vya kuzibia meno. Umoja wa Ulaya tangu 2021 umeiwekea HEMA ya kucha masharti kwamba itumiwe na mafundi tu, na tarehe 1 Septemba 2025 ukapiga marufuku TPO, kemikali ya kuifanya jeli igande kwa mwanga, iliyokuwa kwenye jeli nyingi. Chupa iliyokuwa halali Ulaya kabla ya tarehe hiyo inaweza leo kuwa inatafuta mnunuzi mahali pengine. Orodha ya viambato isomwe.

Kwa rangi ya kawaida, maandishi ya kutafuta ni kutokuwamo kwa tolueni, formaldehaidi na dibutili fthaleti. Hiyo ndiyo maana ya namba 3 kwenye zile chupa zinazojisifu kwa vitu zisivyokuwa navyo. Namba 5 huongeza utomvu wa formaldehaidi na kafuri. Kuanzia 7 kwenda juu kila kampuni inahesabu ya kwake, na 10 ya huyu si 10 ya yule, kwa hiyo isilipiwe zaidi. Chupa isiyo na orodha ya viambato, namba ya toleo wala jina la mtengenezaji irudishwe, hata kama rangi yake imempendeza. Vipodozi vinavyouzwa visiwani viko chini ya Wakala wa Chakula na Dawa Zanzibar, ZFDA, na si utovu wa adabu kumuuliza muuzaji kama bidhaa zake zimepita huko.

Na likija boksi la Sikukuu lenye bomba la hina nyeusi, bomba hilo lisitumike. Hina ya kweli hutoa rangi ya machungwa inayokolea kuwa kahawia. Nyeusi inayoshika ndani ya saa moja mara nyingi ni piko, dawa ya kutia nywele rangi yenye kemikali ya PPD, na kwenye ngozi inaweza kuunguza na kuacha makovu ya michoro ile ile.

Boksi la nje

Swali hili huulizwa sana: kwa nini asijiunge na la Marekani au Uingereza? Kwanza, halitafika kwa njia halali ya posta. Rangi ya kucha huhesabiwa kimiminika kinachowaka, daraja la 3 la bidhaa hatari, na kanuni za posta za kimataifa hazipokei. Royal Mail ya Uingereza, kwa mfano, hupokea chupa chache ndogo kwa barua za ndani ya nchi na kuzikataa kabisa kwenda nje. Kampuni za usafirishaji wa haraka zinaweza kubeba kwa mkataba wa bidhaa hatari, kwa gharama inayozidi boksi lenyewe. Mzigo ukifika, forodha inautazama chini ya namba 3304.30, vipodozi vya kucha, na juu ya ushuru kuna VAT, ambayo Zanzibar ni asilimia 15.

Pili, usajili wenyewe. Julep ya Seattle ilijijengea jina kwa boksi la rangi za kucha la kila mwezi, na mwaka 2016 ilifikia makubaliano na Mwanasheria Mkuu wa jimbo la Washington baada ya malalamiko ya wateja kwamba boksi la kukaribishwa "bure" liliwaingiza kwenye usajili wa kulipa na kujitoa kukawa kugumu. Muundo huo bado uko sokoni, kwa majina mengine.

Mwenye jamaa anayekuja kutoka Muscat au Dubai ana njia nyepesi zaidi. Msafiri wa ndege anaruhusiwa vipodozi vya aina hii kwa matumizi yake, kila chupa isizidi nusu lita na jumla isizidi lita mbili. Za mkononi ziwe chupa zisizozidi mililita 100, ndani ya mfuko angavu wa lita moja. Chupa tatu za mililita 15 zinaingia bila maneno.

Kabla ya kulipa

Kwa boksi la ndani ya nchi, mwalimu wetu amwandikie muuzaji, asipige simu, ili jibu libaki:

"Assalamu alaykum dada. Kabla sijalipa naomba kujua: mwezi wa Ramadhani naweza kuruka bila kutozwa? Naweza kuchagua walau rangi mbili kati ya tatu? Chupa ikifika bandari ya Mkoani imevuja, hasara ni ya nani? Na nikitaka kujitoa, naandika wapi, siku ngapi kabla?"

Jibu la swali la kwanza ndilo linalosema mengi. Muuzaji wa Zanzibar asiyekuwa na njia ya kuruka Ramadhani amenakili mkataba wa watu wengine bila kuwafikiria wateja wake. Jibu la "usiwe na wasiwasi dada, utazipenda tu" kwa swali la rangi lihesabiwe ni hapana.

Malipo yawe ya kutuma mwenyewe kila mwezi kwa simu. Namba ya kadi ikishahifadhiwa kwa muuzaji, kusahau kunalipwa na mteja. Kwa kutuma kwa mkono, kusahau kunalipwa na muuzaji. Mzigo wa boti ufunguliwe mbele ya wakala aliyeuleta, simu ikirekodi. Joto la safari hupanua mvuke ndani ya chupa na kusukuma rangi kwenye uzi wa kifuniko, na chupa moja ikivuja hushikisha maboksi na vibandiko vyote pamoja. Muuzaji makini hufunga kila kifuniko kwa utepe na kila chupa kwenye mfuko wake.

Akiwa na wenzake

Kuna sura moja ambayo boksi hili linakaribia kusimama. Wanawake wanne wa skuli moja wajiunge kwa jina moja. Gharama ya miezi sita, 288,000, waongeze besi koti, topu koti na thina, 32,000, ziwe 320,000. Kila mmoja anatoa 80,000, karibu 4,700 kwa kupaka mara 17. Ile tofauti ya 700 ndiyo bei ya kuwa na rangi 18 za kuchezea badala ya tatu, na hiyo tunaiona ni bei ya haki. Chupa ziwe kwa mmoja mwenye droo nzuri. Tupa na vijiti kila mtu awe na vyake, na mwenye ukucha uliobadilika rangi au kunenepa asipake mpaka ameonwa na daktari, kwa sababu rangi huficha maradhi ya ukucha na brashi inarudi chupani.

Mpambaji wa maharusi yeye asijisumbue. Anahitaji nyekundu zake tatu, waridi zake, nyeupe ya maziwa na dhahabu, zile zile msimu hadi msimu, ili bibi harusi aliyeiona rangi kwa dada yake aipate. Boksi la kubahatisha halimpi hilo.

Zile 68,000

Mwalimu wetu anunue rangi tatu atakazozivaa kweli: moja nyekundu ya kukolea kwa harusi, moja ya karibu na ngozi yake kwa siku za skuli, na moja aipendayo tu bila sababu. Akifika kupaka, anawe mikono kwa sabuni, hasa kama amekuna nazi, kisha apitishe asetoni kwenye kila ukucha. Mafuta yaliyobaki ndiyo sababu ya kwanza ya rangi kubanduka kama ganda. Besi koti moja nyembamba. Rangi kwa michoro mitatu, katikati kwanza, halafu pembeni, bila kugusa ngozi, na brashi ipitishwe pia kwenye ukingo wa ncha ili kuufunga. Asubiri dakika mbili mpaka tatu, koti la pili, asubiri tena, topu koti, na ukingo ufungwe tena. Uso utakauka kwa dakika kumi na tano, lakini ndani bado laini kwa saa kadhaa, kwa hiyo asipake wakati shuka la kulalia linamngoja, wala asitie mikono kwenye maji ya moto usiku huo. Siku ya tatu aongeze topu koti peke yake, itamnunulia siku moja au mbili.

Topu koti ndiyo itakayokuwa nzito mwanzo kuliko zote, kwa sababu nyingi zimetengenezwa kukauka haraka na zinafunguliwa kila mara. Ikifika theluthi ya mwisho na matone ya thina hayasaidii tena, anunue nyingine hiyo moja, rangi zake aziache ziendelee.